Mkono wa Mwiba wa Nungunungu

Alasiri moja ya mwezi wa tano, baada ya kumrudishia katekista saa yake, Nikodemo alikaa barazani kwake Turwa akisugua mwiba wa nungunungu kwa msasa laini. Mkewe Boke alikuwa pembeni anachambua maharage. Mabaya aliwarushia kuku, mazuri aliyatia kwenye sufuria, na mara mojamoja alikosea akawapa kuku yale mazuri, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye ule mwiba.

Nikodemo alikuwa fundi saa na redio tangu ujana. Siku hizi saa zimehamia kwenye simu na redio nazo zimezifuata, kwa hiyo wateja waliobaki ni watu wa kanisa na wazee wasiopenda kuuliza saa kwa wajukuu. Lakini kazi ya siku hiyo haikuwa ya mteja. Alikuwa anatengeneza mkono mpya wa gramafoni yake.

Mkono wa zamani wa gramafoni hufungwa upande mmoja, kama mlango kwenye bawaba. Ukitembea juu ya santuri unakwenda kwa kupinda, kama mlango unavyofunguka. Mwanzo wa wimbo sindano inakaa sawa ndani ya mfereji, lakini ikikaribia katikati inakaa upande, inakwangua ukuta wa mfereji, na mwimbaji anasikika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikodemo alitaka mkono usiopinda. Alitaka utembee juu ya reli, umenyooka, kutoka ukingoni hadi katikati, kama santuri yenyewe ilivyochongwa. Na mkono wa namna hiyo hauna mota ya kuusukuma. Unavutwa na mfereji kwa ncha ya sindano tu, kwa hiyo lazima uwe mwepesi kuliko aibu.

Santuri aliyoihangaikia ilikuwa moja. Zamani, watu wa kurekodi walifika Tarime na gari lao, wakamrekodi mpiga litungu mmoja, ile ala ya nyuzi ya Wakurya, na dada yake Nikodemo aitwaye Mokami ndiye aliyeimba. Kwenye karatasi ya katikati waliandika jina la mpiga litungu peke yake, kama kawaida. Siku hizo ng'ombe wa mahari ya Mokami walikuwa wameshafika zizini kwa baba yao kutoka Natta, na Mokami aliimba kwa Kikurya akiwataja mmojammoja na kuwakaribisha, kwa kuwa wao wanaingia na yeye anatoka. Wimbo ulimalizika karibu kabisa na katikati ya santuri, pale pale mkono wa zamani unaposhindwa. Maneno ya mwisho hayakuwa yamesikika nyumbani humo hata mara moja. Ilikuwa mikwaruzo tu.

Mtu akiuliza dada alimalizia kwa kusema nini, Nikodemo alijibu, "Ananibariki. Anasema, mwana wa mama, oa kwa amani." Maana ng'ombe wale, kwa desturi, ndio aliooa nao yeye. Dada anaolewa, ng'ombe wanaingia, kaka anawachukua anakwenda kuoa. Boke aliletwa na ng'ombe wa Mokami. Alikuwa ameisikia baraka hiyo mara nyingi kutoka kwa mumewe, na hata mara moja kutoka kwa Mokami hakuisikia.

Sasa mwezi wa nane uliokuwa unakuja wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Padri alihesabu tangu siku ya kubariki ndoa kanisani, Boke alihesabu tangu siku ya ng'ombe, na kwa kuwa Boke ndiye mpishi, hesabu yake ilishinda. Padri aliomba ile baraka ya dada ipigwe mbele ya wageni. Nikodemo alikubali kabla ya kufikiri, halafu akaanza kufikiri.

Reli aliitengeneza kwa sindano ya chuma ya kufumia, ya Boke, ambayo aliichukua bila kuomba. Aliing'arisha kwa majivu na dawa ya meno mpaka ikawa na kioo chake. Kigari cha kutembea juu yake alikikata kwenye bati la kopo la maziwa, akakifunga beringi ndogo alizozing'oa kwenye deki ya video iliyokufa, ndogo kama punje za ulezi. Waya za sauti zilitoka kwenye spika za masikioni za mjukuu. Nyuma aliweka nati ya kusawazisha uzito. Mkono wenyewe alijaribu mti wa mwavuli, ukawa mzito. Alijaribu mrija wa soda, ukalegea. Ndipo alipofungua kopo la vipuri vya saa, akatoa mwiba wa nungunungu uliokuwa umelala chini kabisa.

Ulikuwa wa Mokami, wa kutenganishia nywele wakati wa kusuka. Boke aliufahamu. Alimpa kuku harage zuri.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kusawazisha reli, na hiyo ndiyo iliyomla wiki. Reli ikiinamia ndani, kigari kinakimbilia katikati kabla mwimbaji hajamaliza. Ikiinamia nje, au kigari kikikutana na kizuizi chochote, kinagoma, na sindano inaruka kurudi kwenye mzunguko ule ule, neno lile lile, mpaka mtu aje aunyanyue mkono. Nikodemo alilaza kichupa cha dawa ya macho juu ya ubao, akawa anakitazama kipovu cha hewa ndani yake kama mtu anayemtazama mkwe akila.

Jumamosi mchana ilikuwa tayari. Aliweka santuri, akashusha sindano. Mwiba ukatembea juu ya reli umenyooka, bila kelele. Litungu lilianza, na Mokami akaanza kuimba, sauti safi hata pumzi zake kati ya maneno zikasikika.

Alimtaja wa kwanza, Kijivu. Ng'ombe wa kijivu akaingia getini, geti ambalo Boke alikuwa ameliacha wazi kwa ajili ya mtu wa mkaa. Akamtaja Pembe Moja, na mwenye pembe moja akaingia. Akaingia Madoa, wakaingia ndama wawili wa Madoa wakisukumana. Boke alisogeza kiti na sufuria ili wapite. Wote walikuwa ng'ombe wa mahari wa mwaka ule, na wote walikuwa wamekufa, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa uzee, na wengi kwa kuliwa. Wa mwisho kutajwa alikuwa dume jeusi lenye kidari cheupe, ambalo lilichinjwa siku ya harusi ya Nikodemo na Boke. Liliingia likiwa zima, likapita mbele ya Nikodemo bila kumwangalia, kama mtu anayemjua aliyemla lakini hataki maneno.

Sindano ilifika katikati. Pale penye mikwaruzo hapakuwa na mikwaruzo.

"Mwana wa mama," Mokami aliimba, "nikirudi, nifungulie."

Basi. Hapakuwa na baraka. Litungu lilipiga mara mbili likanyamaza, na sindano ikazunguka kwenye weusi mtupu. Nikodemo aliunyanyua mkono. Boke alisema maharage yametosha, akaingia ndani.

Jioni hiyo, jua likiwa limeshika ukingo wa mlima, Mokami alikuja akakaa nje ya geti juu ya furushi lake. Alikuwa na umri ule ule, wa mwaka aliporudi.

Maana alikuwa amerudi kweli, mara moja, zamani. Alikuwa hajamaliza mwaka Natta. Alikuja nusu kwa miguu nusu kwa lori la pamba, na furushi kichwani, akasimama kwenye lango la miiba la baba yao, pale pale ambapo leo pana geti la bati. Alisema mzee aliyemwoa anampiga kwa fimbo ya ng'ombe na kwamba hataki tena. Baba hakuwa mtu mbaya. Alisema desturi inajulikana: binti akirudi, ng'ombe nao warudi. Lakini ng'ombe walikuwa wameshakwenda kwa baba yake Boke, na Boke alikuwa ndani ya nyumba, na mtoto wao wa kwanza, Erasto, alikuwa ndani ya Boke. Mokami akirudishwa nyumbani, Boke arudishwe kwao. Kwa hiyo baba alimgeukia mwenye ndoa, akamuuliza anasemaje.

Nikodemo alikuwa ameshika tawi la mwiba linalofunga lango. Alisema, "Arudi kwa mumewe."

Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua njia, yeye ndiye aliyemsindikiza. Njiani Mokami aliomba maji mara moja, akapewa. Masika yaliyofuata ilikuja habari kwamba amekufa, na hakuna aliyekwenda Natta kuuliza amekufa na nini. Mwiba wa nywele ulikuwa umeanguka pale langoni. Nikodemo aliuokota akauweka kwenye kopo.

Sasa Mokami alikuwa amekaa nje ya geti, na shida ya kwanza ilikuwa ya salamu. Kwa kuzaliwa, yeye ni mkubwa, Nikodemo alipaswa kumpa shikamoo. Kwa sura, Nikodemo alikuwa na umri wa babu yake. Kila mmoja alingoja kidogo. Mwishowe Mokami akauliza za mifugo, Nikodemo akajibu ni wazima, na hiyo ikawa salamu yao.

Geti lile lilifunguliwa na kufungwa kutwa nzima, kwa watoto, kwa mkaa, kwa mtu wa kuuza dagaa. Mokami hakuingia nao. Ng'ombe anaweza kuingia kwa geti lililosahauliwa wazi. Binti wa nyumba aliyewahi kurudishwa kwa mumewe hufunguliwa, na hufunguliwa na yule aliyefunga, ng'ombe wakiwa wameshatoka kwenda kwa wenyewe. Hilo Nikodemo alilijua, Boke alilijua, na ng'ombe walionekana wanalijua pia, kwa sababu kila asubuhi walijipanga wakiwa wameelekeza vichwa kusini, upande wa Natta, wakakaa hivyo mpaka wakamuliwe.

Maziwa yao yalikuwa mazito. Hili lazima lisemwe. Boke aliuza mengine Nyamisangura, na wateja walisema yana ladha ya maziwa ya zamani.

Mseti, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kwa habari ya hereni za mifugo. Aliwaangalia ng'ombe masikioni, akasema hawa hawakuvishwa hereni kwa kuwa waliishi kabla ya hereni, na yeye agizo alilonalo linahusu ng'ombe wanaoishi sasa, hivyo angeomba mwongozo. Akanywa maziwa, akaaga. Akitoka alimsalimia Mokami na kumuuliza kama naye ni mkazi. Mokami alisema anangoja kujua.

Nikodemo alipiga simu Natta. Mume wa Mokami alikuwa amekufa siku nyingi, lakini zizi lilikuwa la mwanawe, Thadeo, mtoto wa mke mkubwa, anayefanya kazi ya kupika kwenye kambi ya watalii. Mtandao ulikuwa unakatika kwa sababu ya tembo kusugua mnara, Thadeo alieleza, kisha akasikiliza habari yote bila haraka.

"Leteni," alisema. "Zizi lipo. Lakini ziwe zote mzee, kama zilivyotoka. Ng'ombe za mahari hazirudi pungufu. Mkileta zote, mama mdogo ni wenu. Sisi huku tunaye kaburini tu, hatuna maneno naye."

Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Nikodemo alitafuta Fuso la kubebea, akalipata, akaliambia lije kesho. Kesho ilipofika akaliambia kesho. Kila jioni alikwenda getini kumwambia dada yake kwamba ni kesho, na Mokami alisema sawa. Hakuna kitu kibaya kama mtu anayekujibu sawa.

Habari ikafika Sirari, mpakani na Kenya. Ng'ombe wale, baada ya kumwoa Boke, hawakukaa. Kaka yake Boke, Elia, aliwachukua akamwoa Eunice. Kaka yake Eunice aliwachukua akaoa, na huko nako wakaendelea, wao na ndama wao, nyumba hadi nyumba, mpaka karibu nusu ya ndoa za upande ule zilisimama juu ya miguu ya Kijivu na Pembe Moja. Jumapili baada ya misa walijaa uani kwa Nikodemo, wakanywa chai. Walipoingia, wote walikuwa wamempita Mokami, na wote walikuwa wamemsalimia vizuri.

Elia ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa mpakani miaka mingi na mpaka ulikuwa umeingia mdomoni.

"Shemeji, hiyo maneno wacha kabisa. Wewe ukirudisha hizo ng'ombe, basi mimi na Eunice tunabaki majirani tu. Na watoto wangu ni wa nani? Watu wazima na mashamba yao, leo nianze kuwaita wageni?"

Wengine walikubali. Mzee mmoja alisema alikuwa ameshanunua jeneza na kaburi limepangwa kando ya mkewe, sasa atalihamisha vipi. Bibi mmoja wa Nyamisangura, aliyeolewa kwa wajukuu wa Madoa, aliuliza kama kuachana kutaanza kabla ya chakula au baada, kwa kuwa yeye hakuwa na pingamizi na angependa kufunga mizigo mapema. Aliambiwa anyamaze. Hakuna aliyesema jambo baya juu ya Mokami. Walisema ni mvumilivu, na kwamba pale getini kuna kivuli.

Wageni walipoondoka, Boke alibaki na mumewe barazani. Alikuwa anakusanya vikombe.

"Baba Erasto, ukizipeleka, mimi humu ndani ni nani?"

Nikodemo alimsogezea kikombe chake.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango," Boke alisema. "Nilimsikia anaongea, nikakusikia unavyomjibu. Nikashika tumbo, nikashukuru Mungu." Alikung'uta majani ya chai. "Sijakwambia uzipeleke, na sijakwambia usizipeleke. Nimesema nilishukuru."

Kisha alichukua uji akampelekea Mokami nje, kama alivyofanya kila jioni. Walizoea kukaa pamoja kidogo. Mokami alipenda kusikia habari za Erasto, mtoto ambaye kwa ajili yake alirudishwa, na Boke alimwambia kwamba yuko Mwanza, ana upara, na anasumbuliwa na magoti.

Mwezi wa nane ulifika. Siku moja kabla ya sherehe Elia alikuja na visu vyake, akauliza nyama ni ipi. Uani palikuwa na mbuzi aliyenunuliwa, na palikuwa na ng'ombe wa Mokami, wameelekeza vichwa kusini. Nikodemo alimalizia kikombe chake. Kisha akaelekeza kidevu kwa lile dume jeusi lenye kidari cheupe.

Dume halikusumbua. Lilikuwa limeshachinjwa mara moja kwa ajili ya ndoa hiyo hiyo, na lilikwenda lenyewe mpaka pale ambapo damu ilimwagika mara ya kwanza, likalala. Jioni ng'ombe waliobaki waliacha kutazama kusini. Wakaanza kula majani ya migomba kama ng'ombe wengine. Simu ya Thadeo iliita mara mbili. Nikodemo aliiangalia mpaka ikanyamaza.

Siku ya jubilei watu walikula wakasahau mbuzi. Boke, akiwa amevaa gauni jipya lenye lebo ndani bado, alitenga sahani akaipeleka getini. Mokami aliipokea kwa mikono miwili. Alinusa, akauliza, "Huyu ni yupi?"

"Wa kidari cheupe," Boke alisema.

Mokami aliiweka sahani juu ya furushi lake. Alikuwa binti wa mfugaji, hesabu ya zizi hakuhitaji kusaidiwa. Alisema nyama imeiva vizuri. Boke alisimama naye mpaka alipoitwa kukata keki.

Kisha padri akasema wakati wa baraka umefika. Nikodemo alikwenda kwenye gramafoni. Kabla ya kushusha sindano, alichukua kijiti cha kiberiti, akakivunja, akakiegesha nusu yake juu ya reli, karibu na mwisho. Kwa jinsi kigari kilivyokuwa chepesi, kijiti kilitosha. Aliyekiona ni Boke peke yake.

Litungu likaanza. Mokami aliwataja ng'ombe wake, na kila aliyetajwa aliinua kichwa pale migombani, na alipotajwa mweusi hakuna aliyeinua. Wimbo ukaingia kwenye maneno ya mwisho, kigari kikagusa kijiti, kikagoma.

"Mwana wa mama, nikirudi," Mokami aliimba. "Nikirudi. Nikirudi. Nikirudi."

Wageni walidhani ni kiitikio. Walipiga makofi wakafuata, Elia akiongoza kwa mabega, na wanawake wakajibu nikirudi, nikirudi, mpaka vumbi likapanda. Padri alisema ni baraka ya kupendeza, fupi na inashikika. Nje ya geti Mokami alikuwa anachezesha midomo pamoja na sauti yake, na kila ikifika pale pale aliacha kinywa wazi kidogo, tayari kwa neno linalofuata.

Bado yuko pale. Wakati wa mvua Boke humpelekea turubai. Watoto wanaokwenda shule humwamkia, na Mseti amempa nafasi kwenye kikao cha mtaa, ila bila kura. Ng'ombe wanakamuliwa, na mwaka huu mjukuu mmoja, Brayan, ameanza kuulizia kama wanaweza kutoka kwenda kuoa.

Jioni, kabla giza halijaingia, Nikodemo hupiga ile santuri. Huketi karibu na gramafoni, mikono magotini, akimsikiliza dada yake akisema nikirudi, nikirudi. Kijiti bado kiko juu ya reli. Hakikugundishwa kwa chochote, na pumzi ya mtu mzima ingetosha kukidondosha. Nikodemo, akitaka kupumua, hugeuza uso pembeni.